Sinia Juu ya Kabati

Mtaa mzima walimwita Mama Mikufu. Asubuhi alikuwa mhudumu wa mapokezi katika kliniki ya meno. Mchana alirudi nyumbani, akavua viatu, akawa fundi wa lulu. Mikufu, hereni, bangili, vyote alivitunga kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa safi. Aliyenunua leo, kesho alimleta shoga yake.

Binti yake wa darasa la pili hakulipenda jina hilo hata kidogo.

"Wenzako wanaitwa kwa majina ya watoto wao," alilalamika. "Kwani huyu Mikufu ni nani? Kaka yangu au dada yangu?"

"Ni mdogo wako," baba yake alimjibu. "Halali, hali, na anataka kubebwa kila saa."

Baba alikuwa fundi bomba. Alipenda utani, hasa akiwa na njaa. Na siku hizo njaa ilimpata kila jioni, kwa sababu ya meza.

Nyumba ile ilikuwa na meza moja tu. Hapo walikula. Hapo mtoto aliandika kazi za shule. Na hapo hapo Mama alitunga lulu.

Wiki hiyo alikuwa na kazi nzito. Mkunga mmoja mstaafu alimletea mkufu wa marehemu mama yake. Uzi ulikuwa umechakaa. Alitaka utungwe upya ili auvae Jumamosi, kwenye harusi ya binti yake.

"Wewe ndiye uliyempokea huyu mtoto wangu alipozaliwa," Mama alimwambia. "Kazi yako nitaifanya kwa moyo wote."

"Usijitese, mwanangu," mkunga alicheka. "Ila Jumamosi ni Jumamosi."

Lulu za mkufu ule hazikulingana. Kubwa kuliko zote ilikaa katikati. Nyingine zilipungua kidogo kidogo kuelekea kwenye ncha. Ilibidi zipangwe kwa macho na vidole, moja baada ya nyingine.

Jumatatu Mama alizipanga. Saa ya kula ikafika, akazikusanya zote bakulini. Jumanne alizipanga tena. Mtoto akaja na daftari lake, zikarudi bakulini. Hapo katikati simu iliita, mteja alibisha hodi, na maharage yakaungua.

Jumatano Mama alikata shauri. Leo hainuki mpaka amalize. Akainama, akapanga, akapanga. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limehama dirishani.

"Mtoto!"

Shule ilikuwa imefungwa zamani. Mama alitoka mbio, miguuni kandambili za mumewe. Karibu na lango la shule alikutana na jirani yake, fundi cherehani. Alikuwa amemshika binti mkono.

"Nilileta sare za wanafunzi," jirani alisema. "Nikamkuta amekaa na mlinzi. Wenzake wote wameshaondoka."

Mtoto hakulia. Alisema tu, "Nilijua uko na Mikufu."

Afadhali angelia.

Walirudi nyumbani wote watatu. Baba naye alikuwa ameingia. Mama alizikusanya lulu mezani, akazimimina bakulini.

"Naacha," alisema. "Nikimaliza huu wa mkunga, naacha kabisa."

"Ukiacha utaanza kunipanga mimi kwa ukubwa," Baba alitania. Hakuna aliyecheka. Akakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Usiache, mke wangu. Unaipenda kazi hii."

Jirani alivuta kiti. Naye alikuwa akishona nyumbani kwake miaka mingi. Akachukua mkufu mwingine uliokwisha kutungwa, akauangalia kwa karibu.

"Hiki kifundo kati ya lulu na lulu cha nini? Si unajichosha bure?"

"Si bure, dada. Uzi ukikatika, inaanguka lulu moja tu. Bila mafundo, zote zinamwagika sakafuni. Tena haziachi kusuguana."

"Vizuri. Na siku yako, ina mafundo?"

Mama alilitazama bakuli.

"Leo kazi moja imekuponyoka," jirani aliendelea, "vingine vyote vikamwagika. Chakula, mkufu, mtoto. Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilishona huku napika, nikapika huku nashona. Siku moja nikamkabidhi mteja gauni lenye harufu ya samaki! Sasa cherehani yangu ina saa zake. Nikishaifunika, nimefunga. Aje nani, aje nani, arudi kesho."

"Wateja hawakukimbia?"

"Alikimbia mmoja. Akarudi na mama mkwe wake."

Hapo Mama alicheka.

"Lakini wewe una chumba cha kazi. Mimi nina meza hii tu."

"Nani kataja chumba? Una sinia?"

Mtoto alilileta mbio. Jirani alitandika taulo kuukuu juu yake.

"Panga lulu zako hapa. Taulo halitaziacha zibingirike. Chakula kikifika, inua sinia zima, weka juu ya kabati. Kesho unazikuta vile vile."

Mama alishika kichwa. "Kumbe wiki nzima nazikusanya kama mchele!"

"Na bakuli hilo? Lina kazi gani siku nyingine?"

"La kukamulia limau," mtoto alisema.

Mama aliona haya. Wateja wake aliwaambia kila mara: limau, siki na manukato huondoa mng'ao wa lulu. Yeye mwenyewe akaziweka humo. Haraka akazihamishia kwenye taulo, akazifuta moja moja kwa kitambaa laini. Kwa bahati bakuli lilikuwa limeoshwa vizuri. Hakuna lulu iliyoharibika.

Jioni ile walipanga siku yao. Mchana, kwanza mtoto: kumchukua shuleni, kula naye, kumsaidia kazi zake. Kisha sinia lishuke, na simu ikae chumbani. Giza likiingia, sinia lipande kabatini. Wateja waambiwe saa za kuja. Kazi mpya isipokelewe mpaka ya mkononi iishe. Na siku za sinia, Baba apike.

"Mimi?"

"Wewe," jirani alisema. "Unaziba bomba zima, sufuria itakushinda?"

Alhamisi Mama alikuwa langoni kabla kengele haijalia. Baadaye alishusha sinia. Kila lulu ilikuwa mahali pake. Alitunga, akafunga fundo. Alitunga, akafunga fundo. Jioni kilibaki kifungio tu.

Baba aliita chakula. Wali wake ulikuwa umejaa maji, lakini nani angethubutu kumwambia fundi bomba kwamba maji yamemshinda?

Mara hodi. Alikuwa mkunga. Mama aliinuka nusu. Kifungio tu! Angekimaliza sasa hivi. Lakini mtoto alishafika mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama Mikufu yupo?"

"Mama Mikufu amefunga. Aliyepo sasa ni mama yangu, na anakula."

Baba alipaliwa na wali. Mkunga alicheka mpaka akashika mlango.

"Basi usimsumbue mama yako. Yule mwingine mwambie nitakuja kesho jioni."

Mama akakaa, akaendelea kula.

Ijumaa mkunga alikuja kama alivyosema. Mtoto alimfungulia.

"Leo unamtaka nani, bibi?"

"Yule wa mikufu."

"Karibu. Kumefunguliwa."

Mama alimvalisha mkufu. Mkunga aliishika ile lulu kubwa ya katikati.

"Ulikaa hivi hivi shingoni kwa mama," alisema.

Alipokwenda zake, Mama alikunja taulo, akalipandisha sinia juu ya kabati. Binti yake alisimama nyuma yake, akimtazama.

"Mikufu amelala?"

"Amelala."

"Basi nibebe mimi."

Alikuwa mkubwa sasa, miguu mirefu, mzito kama gunia. Mama akambeba.