Kiti cha Kitanda cha Sita

Mkaguzi alifika kwenye nyumba ya wazee saa kumi na moja na nusu jioni bila kutoa taarifa, kwa sababu mchana kila nyumba hujipamba. Ukitaka kujua wazee wanaishije, alizoea kusema, bisha hodi wakati wahudumu wa mchana wameshavua sare na wa usiku bado wanatafuta viatu. Alikuwa na mkoba, kipimajoto cha maji na futi kamba isiyobanduka kiunoni. Kwa ajili ya futi hiyo, ofisini walimbatiza jina la Mama Kipimo. Wao waliona utani. Yeye alicheka nao, kisha akarudi nyumbani na jina lile kama kokoto ndani ya kiatu, maana hakuna mtoto aliyewahi kumwita mama, na mume alifunga virago miaka tisa iliyopita kwa sababu hiyo hiyo.

Muuguzi mkuu alimpokea mlangoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini.

"Karibu, dada. Ungetupigia simu tungekuandalia hata chai."

"Ndiyo maana sikupiga."

Muuguzi akacheka, wakaanza kazi. Maji ya bafuni hayakuunguza. Kabati la dawa lilikuwa limefungwa na ufunguo ulining'inia shingoni mwa muuguzi. Mkaguzi alifunua mashuka, akatazama visigino na viuno akitafuta vidonda vya kulalia, asione hata kimoja. Ndoo za mchanga za kuzimia moto zilikuwa na mchanga kweli, si vipande vya sigara. Akaanza kuudhika kidogo, kama fundi aliyeletewa redio nzima.

Kisha wakaingia wodi ya wanawake.

Vitanda vilikuwa sita. Vitano vilikuwa na viti vya plastiki pembeni. Kando ya kitanda cha sita palikuwa na kiti cha mbao, kizito, mguu mmoja mfupi kuliko mingine, na msumari umechomoza kwenye egemeo. Aliyelala pale alikuwa bibi mdogo wa mwili, ananukia sabuni ya wodi na dawa ya kuchua magoti. Hakuwaamkia wala hakuwajibu. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Hiki kimetoka wapi?" mkaguzi akauliza.

"Alikuja nacho mwenyewe. Mwanawe alikuwa seremala. Ndicho kiti chake cha kwanza kutengeneza, ndiyo maana kimekwenda upande."

Mkaguzi akapima msumari. Nusu inchi. Akaandika.

Saa kumi na mbili ilipokaribia, muuguzi alifanya jambo ambalo mkaguzi hakuwahi kuliona katika nyumba yoyote. Alikifuta kile kiti kwa kitambaa, akakigeuza kikaelekea kitandani. Wahudumu wawili waliokuwa wakikunja mashuka wakatoka nje bila kuambiwa.

"Tusogee nje kidogo, dada. Ni saa ya mgeni wake."

Mkaguzi akafungua daftari la wageni. Akapekua mwaka mzima. Kwenye kitanda cha sita hapakuwa na jina hata moja.

"Mgeni gani? Hakuna aliyeandika."

Muuguzi akashusha sauti zaidi. "Huyu haandiki."

Mkaguzi hakutoka. Alisimama mlangoni na kalamu yake, akaandika kwamba wodi imeachwa bila mhudumu. Taa zilikuwa bado hazijawashwa. Bibi wengine walijigeuza ukutani, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaompisha mtu avue nguo.

Halafu harufu. Maranda. Mbao mbichi, iliyopigwa randa sasa hivi.

Kiti kikaguna.

"Bado, mwanangu," bibi akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Nilikuwa nakungoja wewe. Sasa nitakula."

Muda mfupi baadaye muuguzi aliingia na sahani, na yule bibi akala chakula chote, hadi akafuta mchuzi kwa kidole. Mkaguzi akajiambia ni uzee. Akili zimechoka, zinajizungumzia. Akakaribia, akaweka kiganja juu ya kiti.

Kilikuwa na joto.

Akajiambia ni jua la dirishani. Lakini dirisha lile lilielekea mawio, na jua lilikuwa limeondoka upande ule tangu saa sita.

Hapo ndipo alipoogopa, na mtu wa aina yake akiogopa hukimbilia kanuni. "Kiti hiki ni kibovu," akasema. "Kinaondoka leo."

Muuguzi akamvuta hadi kwenye korido. "Andika kosa lolote utakalo, nitatia sahihi. Kiti kiache. Yule kijana alianguka kutoka kwenye paa la watu, miaka kumi na minane sasa. Bibi hali mpaka aulizwe naye. Akishaulizwa, anakula. Zaidi ya hapo sisi hatuchunguzi."

"Hayo niyaandike wapi kwenye ripoti? Msumari ni msumari. Ung'oeni basi."

"Tulijaribu. Kesho yake tuliukuta pale pale." Muuguzi akatikisa kichwa. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, dada."

Hakukusudia kumchoma. Lakini maneno yalikwenda moja kwa moja mahali palipokuwa pamechubuka, na mkaguzi, ambaye pengine angesikiliza, hakusikiliza tena. Alikibeba kiti kwa mikono yake mwenyewe, maana alijua akigeuka tu watakirudisha. Nyuma yake bibi aliuliza jambo moja, kwa upole, kama anayemuuliza mpita njia.

"Atakaa wapi?"

Ilikuwa Ijumaa. Stoo ya ofisi ingefunguliwa Jumatatu, hivyo mkaguzi alikipandisha kiti ngazi hadi kwenye vyumba vyake viwili, akakiacha chumbani miguuni pa kitanda. Vyumba vyenyewe vilikuwa safi mno, usafi wa mahali ambapo hakuna wa kuchafua. Chakula alikula amesimama jikoni, sufuria mkononi. Kwa nini achafue sahani?

Jumamosi saa kumi na mbili jioni alikuwa chumbani akikunja nguo.

Maranda...

Alisimama na shati mkononi. Nywele zikamsisimka kuanzia shingoni hadi utosini. Hakuona mtu. Aliona tu kiti, na ule mguu mfupi ukishuka taratibu mpaka ukagusa sakafu, kama kiti kinavyofanya mtu akikikalia.

"Mama, umekula?"

Sauti ya kijana. Imechoka, ya mtu aliyetoka kazini. Haikuwa na shari yoyote.

Angekimbia. Wewe na mimi tungekimbia, tena pekupeku. Lakini miaka tisa hakuna aliyemuuliza mwanamke yule kama amekula, na mdomo ukajibu kabla ya akili kufika.

"Nimekula," akanong'ona.

Kiti kikaguna. Harufu ikaondoka. Mkaguzi akakaa sakafuni akalia, na ukweli ni kwamba hakulia kwa hofu peke yake.

Jumatatu kiti hakikwenda stoo. Muuguzi akapiga simu: bibi hajala tangu Ijumaa, anakunywa maji tu. Mkaguzi akajibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Jioni akawahi kurudi, akapika, akapakua kwenye sahani, akala ameketi, ili akiulizwa asidanganye. Akaulizwa. Akajibu. Akalala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa muda mrefu.

Jumatano simu ikalia tena.

"Amepungua kilo tatu, dada. Tumemuuliza sote. Tumemleta hata dereva, tukamwambia aseme kwa sauti ya kijana. Anageuza uso. Nakuomba. Ukitaka nakuja kukichukua mwenyewe, sasa hivi."

Angesema njoo. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini ilikuwa saa kumi na moja na robo, na wali ulikuwa motoni.

"Kimeshachomwa," akasema. "Ndio utaratibu wa vifaa vibovu."

Upande wa pili simu ikakatwa. Kesho yake kwenye fomu, mbele ya neno kiti, akaandika: kimeteketezwa. Akatia sahihi na tarehe. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi hakuwahi kuandika uongo. Alijua anachokifanya. Alijua kwamba mtu mmoja alikuwa anakufa njaa ili yeye aulizwe kama ameshiba, na mimi sina la kumtetea.

Jumapili asubuhi ujumbe uliingia. Maneno manne. Bibi ametutoka leo alfajiri.

Alilia siku nzima. Alilia kwa dhati, akajiita majina ambayo hata adui asingemwita. Akaapa kukirudisha kiti, kuungama, kuacha kazi. Na ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, alinawa uso, akakifuta kiti kwa kitambaa safi, akakigeuza kikaelekea kitandani, akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

Hakuwasha taa.

Maranda yakaja. Mguu mfupi ukagusa sakafu.

Lakini jioni ile kulikuwa na harufu nyingine. Haikutoka upande wa kiti. Ilitoka nyuma yake. Sabuni ya wodi... na dawa ya kuchua magoti.

Mkaguzi hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Mama, umekula?"

Akafungua mdomo kujibu. Nyuma yake godoro lilikuwa linabonyea. Taratibu. Uzito mdogo sana, wa mtu aliyebaki mifupa. Ukasogea, ukasogea, mpaka pumzi baridi ikamgusa nyuma ya sikio.

"Sijala, mwanangu," sauti ya bibi ikanong'ona. "Muulize huyu kwa nini."

Kiti kikaguna, na mguu mfupi ukainuka kutoka sakafuni. Jioni zote zile kijana alikuwa akija, anauliza, anaondoka na harufu yake.

Sasa harufu haikuondoka. Ilikuwa inamsogelea mkaguzi.