Siku ya Mama Upande wa Pili wa Mpaka

Mama Cherehani alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mtaa ndio uliompa jina hilo. Mashine yake ilisikika kutwa nzima, hata watoto wachanga wa majirani walizoea kulala kwa mlio wake.

Lakini wiki ile mashine ililia kwa hasira. Binti yake, kitindamimba, alikuwa amekaa kwenye mkeka akishona vifungo. Alimwona mama yake akikanyaga pedali kama mtu anayeua nge.

"Mama, utaivunja hiyo."

"Acha ivunjike."

Binti akarudia vifungo vyake. Alijua mashine haina kosa. Mwenye kosa alikuwa kaka yake.

Kaka huyo alikuwa fundi wa majokofu. Alipata kazi nchi jirani, akaoa hukohuko. Sasa mke wake alikuwa mjamzito, na siku za kujifungua zilikuwa zimekaribia.

Yote yalianza Jumapili, Siku ya Mama. Mama Cherehani aliamka mapema. Alifagia, akapika, akavaa gauni lake zuri. Simu akaiweka mezani, karibu na sahani yake. Nyumba za jirani zilijaa watoto waliokuja kuwaona mama zao. Simu yake haikulia. Kesho yake pia haikulia.

"Si umpigie wewe," binti alimwambia.

"Nimpigie nimwambie nini? Nimkumbushe kwamba nilimzaa?"

Siku chache baadaye, kijana wake alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Siku ya Mama hakuigusia hata kidogo.

"Mama, mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua. Mke wangu anaomba sana uje."

"Nina kazi nyingi," mama alijibu, akakata simu. Kisha akamgeukia binti yake. "Umesikia? Siku yangu hawaijui. Mtoto akikaribia kuzaliwa, ndipo wananikumbuka. Wanatafuta yaya wa bure. Siendi."

"Ni mjukuu wako wa kwanza, mama."

"Nimesema siendi."

Jioni mkwe wake alimtumia ujumbe. "Mama, shikamoo. Kama nimekukosea, tafadhali niambie." Mama Cherehani aliusoma, akauacha bila jibu. Lakini kabla ya kulala aliusoma tena.

Kesho yake aliingia jirani yake, muuguzi wa zahanati. Watu walimwita Nesi. Alikuwa amepungua mwili, akataka gauni lake la kazi lipunguzwe kiunoni. Akasimama katikati ya chumba, mikono juu, huku Mama Cherehani akimbana kwa pini.

"Dada, unanichoma," Nesi alisema. "Leo umeamkia upande gani?"

Mama Cherehani akashusha pumzi. Akamweleza yote, kuanzia sahani mezani hadi ujumbe wa mkwe.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanao yuko nchi ipi? Hii ya hapa jirani, niliyosomea mimi?"

"Hiyohiyo."

"Basi mbona unalia kabla ya msiba? Kule Siku ya Mama bado."

"Bado vipi? Si ilishapita?"

"Ilipita hapa kwetu. Siku hii haina tarehe moja duniani kote. Kila nchi ilijichagulia yake. Sisi tuna Jumapili yetu. Wao wana mwisho wa mwezi huu. Mwaka wangu wa kwanza kule, niliwapongeza kina mama wote wa hosteli siku isiyo yao. Waliniangalia kama mgonjwa."

Binti alicheka kutoka mkekani. Mama Cherehani hakucheka. Alikuwa ameshika pini hewani.

"Umesema mwisho wa mwezi?"

"Ndiyo. Na namna yao ni nyingine. Hapa watoto wanakuja kwa mama, halafu mama huyohuyo ndiye anayepika na kuosha vyombo. Kule wanamfuata mama kwake, wanampeleka nyumbani kwa mtoto, wanamkalisha. Hagusi hata kijiko. Kumwita mama siku ile ni heshima kubwa. Mama akikataa, wanajua amekasirika kwelikweli."

Mama Cherehani akakaa kitini taratibu.

"Na mimi nimekataa," alisema. "Na yule mtoto wa watu ameniandikia, nikamnyamazia. Na hali yake ile."

"Simu iko wapi?" Nesi aliuliza. "Mpigie sasa hivi. Mimi nitasubiri na pini zangu."

Mkwe alipokea mara moja.

"Mwanangu," Mama Cherehani alisema, "hujanikosea kitu. Nilikuwa sijaelewa. Nakuja."

Kikaja kilio upande wa pili. Ndani ya kilio hicho, kicheko. "Ahsante, mama. Nilikuwa silali."

Siku ya Mama ya kule ilipofika, kijana alimfuata kama alivyoahidi, akampeleka kwake ng'ambo ya mpaka. Mama alikalishwa kwenye kochi, karibu na mama mzazi wa mkwe wake. Mara mbili alinyanyuka kwenda kuosha vikombe, mara mbili akarudishwa.

"Tulia tu," yule mama mwenzake alimnong'oneza. "Mwaka wa kwanza unaumiza mgongo. Utazoea."

Baada ya chakula, mama huyo alikwenda chumbani kujinyoosha. Mama Cherehani akawaambia mwanawe na mkwe ukweli wote.

Kijana aliinamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Huku hakuna aliyeitaja siku yetu, nami ikanipita. Nikawa nawaza hii tu, nikuandalie. Lakini mbona hukuniambia?"

"Nilisubiri ujue mwenyewe."

"Na mimi nilisubiri unijibu," mkwe alisema polepole. "Tungesubiriana mpaka lini?"

"Kuanzia sasa nitauliza," Mama Cherehani alisema. "Kununa kumenichosha."

Alikaa nao. Wiki iliyofuata mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mama Cherehani alimwogesha, akampakata, akamrudisha kwa mama yake.

Mkwe alimtazama kwa macho ya usingizi. "Mama, mwaka mpya kwenu mnaufanyaje? Niambie mapema, kabla hatujagombana tena."

Mama Cherehani akavuta kiti karibu na kitanda. "Haya," alisema. "Lakini anza wewe. Kwenu mnaanzaje?"