Pipa Lililosingiziwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kwanini alimsaidia baba yake kufagia ghala la mvinyo. Jina hilo alipewa nyumbani, maana maswali yake hayakuwa na likizo. Siku ya kupeleka sampuli maabara, baba alikuwa na shughuli shambani, akamwachia binti yake kazi ya kujaza chupa kutoka kwenye pipa.

Kule maabara, walikokwenda pamoja baadaye, mpimaji, mwanamke mcheshi mwenye koti jeupe, aliuingiza mvinyo kidogo mashineni.

"Shangazi, mashine inaonja?" Kwanini aliuliza.

"Haionji, mwanangu. Inauchambua mvinyo, kila kilichomo kipite kwa zamu yake. Ikiwemo dawa ya wadudu, mstari huu utapanda."

Kwanini akakodoa macho kwenye kioo. Mstari ulilala, ukalala, kisha ukapanda kama kilima.

Mpimaji aliacha kutabasamu. "Mzee, kuna mabaki ya dawa, tena mengi. Mvinyo huu hauuziki. Pipa zima litamwagwa."

"Haiwezekani!" Baba alishika kichwa. "Niliacha kunyunyiza zabibu zikiwa bado changa! Hilo ni jasho langu la mwaka mzima!"

"Pole, mzee. Mashine haina ndugu wala adui."

Kwanini alitaka kuuliza kwa nini, kisha akakumbuka asubuhi ile ghalani. Jibu alikuwa nalo. Mdomo wa chupa ulikuwa mwembamba, naye akatumia faneli aliyoikuta ukutani, ile ya kujazia dawa kwenye bomba la kunyunyizia. Aliisuuza kwa maji, akaona yatosha. Akisema, baba atawaka moto. Asiposema, pipa linamwagwa. Aliogopa mno.

"Baba, kosa si la pipa. Ni langu." Akaeleza yote, machozi yakimlengalenga.

Baba alifura. "Faneli ya sumu! Wewe mtoto wewe!"

"Taratibu, mzee," mpimaji akadakia. "Na faneli ya sumu inatafuta nini kwenye ghala la mvinyo?"

Baba akapoa, akaomba pipa lipimwe upya.

Kesho yake mpimaji alikwenda mwenyewe ghalani, akachota mvinyo kwa vyombo safi, akaupima. Safari hii mstari ulilala mwanzo hadi mwisho. Baba alicheka hadi akaketi.

Mpimaji akamgeukia Kwanini. "Mashine hupima kilichomo chupani tu. Kilichotokea kabla, tunategemea mtu aseme. Ungenyamaza, mwanangu, mashine ingesema kweli, na bado tungemwaga mvinyo mzuri."