Wageni Wamefika, Nimewapa Maji

"Nisomee tena huo ujumbe," Mama Mkaguzi aliniambia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi yake, mabuti ya mpira yanachuruzika maji, natabasamu peke yangu. Nilikwenda kuomba ruhusa ya siku moja. Yeye akataka sababu, nikaona badala ya kujieleza sana nimsomee maneno ya mchumba wangu mwenyewe. Nikarudia, safari hii polepole ili na mimi niyafaidi.

"Wageni wamefika salama. Wamechoka na safari ila wazima. Nimewapa maji, wametulia chumba cha nyuma. Usimwambie mtu kwanza, mpenzi."

"Wageni gani hao?"

"Wazazi wake, mama. Wanakuja kwa mjomba kuniposa."

Mama Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio wake. "Chumba cha nyuma," alisema. Mimi nikadhani anawahurumia wazee wa watu kulazwa huko.

Niwaeleze kidogo mahali pangu pa kazi. Mimi ni muosha matangi kwenye kituo cha karantini. Samaki, kamba, kaa, chaza, kiumbe yeyote wa majini anayeletwa akiwa hai kutoka nchi za nje, hana ruhusa ya kwenda popote kabla ya kupita kwetu. Mwenye mali anatakiwa awe na kibali kwanza, kabla hata hawajapakiwa kwenye ndege. Wakifika tunawatenga, wanaangaliwa kama wamekuja na ugonjwa. Walioingizwa bila kibali wanauawa, hakuna cha kubembeleza. Kwenye karatasi wanaitwa viumbe wa majini wasio wa asili, lakini nani ana pumzi za kusema yote hayo huku ameshika ndoo? Sisi tunawaita wageni. Wageni wa tangi la mwisho wamekula? Wageni wameamkaje? Nalitamka neno hilo kutwa nzima.

Sasa mtaniuliza, mtu mwenye neno lake, ilikuwaje nisilielewe siku ile. Ni kwa sababu kuna wageni wengine nilikuwa nawasubiri kwa moyo wote, na hao wengine walishajaa kichwani.

Mchumba wangu anafuga perege. Mtaani wanamwita Kambale, kwa vile vimasharubu vyake vichache vya pembeni. Yeye ananiita Mabuti. Mjomba, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alishachoka naye. Alisema huyu kijana kazi yake kunywa chai ya watu tu, wazazi wake wako wapi, au aliokotwa bwawani? Kambale akaapa kwamba wazazi wake atawaleta, apewe muda kidogo bwawa lichangamke.

Kuchangamka kwenyewe alikutafuta kwa kamba wa maji baridi, wale wenye makucha kama ya kaa. Aliomba kibali ofisini kwetu, akanyimwa. Mama Mkaguzi alimweleza vizuri, mimi nikisikia: wale wanachimba kingo za mto, wanakula mayai ya samaki, halafu wanabeba ugonjwa ambao wao hauwasumbui ila kamba wetu wa mtoni unawamaliza wote. Kambale akajibu, "Sawa, mama," akatoka ameinamisha kichwa. Nikaiamini ile sawa yake.

"Binti, kaa chini," Mama Mkaguzi aliniambia.

Nikakaa.

"Kwa nini amekwambia usimwambie mtu?"

"Labda anataka kumshtukiza mjomba."

"Mwanangu. Mtu hafichi wazazi wake chumba cha nyuma."

Hapo ndipo nililisikia lile neno kwa sikio la kazini. Wamechoka na safari. Nimewapa maji. Ndivyo tunavyoandikiana sisi wenyewe kila mzigo ukiingia.

"Mama, nakuomba. Fanya kama sijakusomea."

"Ningekuwa shangazi yako ningefanya hivyo," alisema, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Vaa ovaroli, tunaondoka wote."

Njiani nilikuwa nimebanwa katikati, mkaguzi mwenzake upande mmoja, askari upande mwingine, ndoo za barafu nyuma yetu. Nikawa naomba gari liharibike. Halikuharibika.

Kambale alitoka nje anajifuta mikono. Aliponiona alianza kucheka, kabla hajaona wanaoshuka nyuma yangu. Chumba cha nyuma kilijaa mabeseni, pampu za hewa zinanguruma, na humo ndani kamba wa rangi ya samawati wamepandana, wanainua makucha. Majirani walishajazana uani. Mmoja akauliza kama ni dawa za kulevya, mwenzake akamwambia dawa haina miguu.

Mama Mkaguzi akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Tumepata taarifa kwa mfanyakazi wetu. Ametimiza wajibu wake."

Kambale akanigeukia.

"Mabuti. Ni wewe?"

Nilifungua mdomo. Mama Mkaguzi akanikanyaga mguu, kwa nguvu, mpaka nikaufumba.

Baadaye alinivuta pembeni ya gari, akanirudishia simu. Alisema nikikiri kwamba Kambale aliniandikia na kunitaka nifiche, nitahesabiwa mshirika wake, tutalala wote ndani na kazi nitaikosa. Nikiwa niliripoti, niko salama. Alisema amenisitiri. Na kweli alinisitiri, siwezi kumsema vibaya. Ila alinisitiri kwa nguo ya msaliti, na sikuwa na nyingine ya kuvaa.

Kazi ya kuwazamisha kwenye barafu ni ya muosha matangi. Niliifanya mwenyewe, Kambale amekaa chini ya ukuta na pingu, ananitazama. Kisha ikajulikana kwamba maji ya mabeseni alikuwa anayamwaga bwawani. Basi bwawa nalo likahukumiwa: perege wote wauawe, maji yanyonywe, imwagwe chokaa, na libaki kavu mpaka ofisi iseme. Aliposikia la perege ndipo alipolia.

Asubuhi nilikuwa nimemnong'oneza shangazi, mke wa mjomba, kwamba wageni wamefika; nyumbani nilikuta ukuta wa mbele umepakwa rangi. Shangazi ameazima viti. Mjomba amevaa shati lake la kwendea kwenye sherehe, analijaribu kama bado linafunga tumboni.

"Vipi, wageni wanakuja lini?" aliniuliza.

"Wamekufa," nilimjibu.

Shangazi akaangua kilio, akidhani gari la wakwe limepinduka. Ilinichukua muda kuwaeleza, na nilipomaliza mjomba alivua shati, akalikunja taratibu, hakuniuliza tena.

Kambale alifikishwa mahakamani, akapigwa faini. Baba yake ndiye aliyekuja kuilipa. Nilipopata habari kwamba ametoka, nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini, na ovaroli yangu. Nilimkuta anafungasha nguo kwenye kile chumba, mabeseni yamefunikwa chini juu.

"Nilikuandikia neno lenu," alisema bila kuniangalia. "Ili uelewe wewe peke yako."

"Nilidhani ni wazazi wako."

Mikono yake ikasimama juu ya begi.

"Ulidhani nimewaita?"

"Uliniahidi. Nilikuwa naomba ruhusa ili nikae nao. Ndiyo maana nikamsomea."

Alikaa juu ya beseni.

"Bora ungenichoma kwa makusudi," alisema. "Ningekuchukia, nikapumzika."

"Nichukie basi."

"Nashindwa."

Nilimshika mkono, na yeye akaushika wangu kwa nguvu. Pale pale mama yake akaingia, mwanamke mfupi mwenye vidimbwi mashavuni kama vya mwanawe. Akauliza mimi ni nani.

"Mama, huyu ndiye niliyekuwa nataka kuwaonyesha."

Uso wake ukafunguka. Alinishika mabega yote mawili, akamlalamikia mwanawe kwa kumficha mtoto mzuri hivi, akaniuliza habari za nyumbani kwetu. Nilipiga goti nikamwamkia. Kwa muda mfupi sana nilikuwa mkwe wa mtu. Kisha baba mtu akasimama mlangoni, akasoma maandishi ya ofisi kwenye mgongo wa ovaroli yangu.

"Ndiye aliyewaambia?"

"Hakujua, baba," Kambale alisema.

"Sijauliza kama alijua."

Mama mtu akaondoa mikono mabegani mwangu, mmoja mmoja, bila ukali, kama mtu anayeweka chini chombo kisicho chake. Mzee alichukua begi akatoka. Kambale alisimama kati yangu na mlango. Alifungua mdomo, na safari hii hakuna aliyemkanyaga mguu. Baba yake akamwita mara moja tu kutoka nje.

Akaenda.

Kituo kilinipa mimi kazi ya kulikagua lile bwawa, kwa kuwa napajua. Nakwenda na kijiti, nachoma matope kuona kama kuna unyevu, natazama kingoni kama kuna mashimo mapya. Mjomba ameanza kutaja kijana mmoja fundi wa friji. Simkatai, simkubali.

Juzi, nikiwa nimechuchumaa katikati ya lile bwawa, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa namba yake. Nilifuta vidole kwenye ovaroli kabla ya kuigusa.

"Limekauka?"

Niliandika mengi nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikamjibu alichouliza tu.

"Limekauka."

"Asante."

Nilikaa palepale na simu mkononi, nikangoja kama ataongeza neno. Chokaa ilikuwa inaniwasha macho.