Tundu la Sita

“Dola mia tatu na arobaini? Kwa bastola yenye tundu bovu? Utangoja sana, Tackett.”

Vernon Lusk alisimama upande wa pili wa meza yangu ya kazi, theluji ikimyeyukia mabegani. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima na karakana yangu ilishaanza kuingia giza.

“Nilikutajia bei kabla sijashika bisibisi,” nikamwambia. “Sijaongeza hata senti. Toa.”

“Fundi mwenyewe ulijifunzia zizini.”

“Ndiyo, zizini. Na mbona unakuja zizini kila bunduki yako ikikwama? Toa pesa, bwana, kabla sijakupitisha kwenye huo mlango bila kuufungua.”

Bastola ilikuwa ya bibi yake, Idella. Ya kizamani, ile ya kumimina baruti kila tundu na kushindilia risasi ya mviringo juu yake. Vernon alinunua silinda mpya inayokula risasi za siku hizi, akaipachika mwenyewe, halafu akashangaa haizunguki sawa. Wateja wote hufanya hivyo. Nilichonga kikono kipya cha kuizungusha, nikalipunguza kwa tupa komeo linaloifunga, nikalainisha kifyatulio. Kifyatulio hakina kipimo. Unakisikiliza kwa kidole, basi. Jumatatu matundu yote sita yalifunga. Jana aliichukua akaijaribu. Leo kairudisha.

“Sikiliza mwenyewe,” akasema.

Nikahakikisha haina risasi. Nikavuta nyundo.

Tak.

Tak. Tak. Tak. Tak.

La sita...

Kimya.

Silinda ilifika mahali pake, lakini komeo halikuingia. Halikugonga chuma. Lilitua juu ya kitu laini, kama mtu kaweka kidole katikati. Nikamulika tochi. Hakuna kitu. Nikapitisha ufito wa kupimia ndani ya mtutu. Matundu matano uliingia vizuri. La sita ulisimama.

Kisha ukarudi. Polepole. Ukanisukuma mkono.

Nikauachia. Hapo ndipo harufu ikaja, ya nywele zilizoungua, na chini yake harufu ya mawe mabichi, kama mdomoni mwa shimo la mgodi.

Vernon naye aliisikia. Sauti ikamshuka.

“Orrin. Silinda ya zamani uliifanyaje?”

“Uliiacha hapa pamoja na bastola, nikaisafisha Jumanne. Tundu moja lilikuwa bado limeshindiliwa, limezibwa nta nene hivi. Kitu chenye risasi hakilali kwenye meza yangu. Nikalisukumia grisi kwa pampu kutoka nyuma mpaka risasi ikatoka.”

“Na... nyuma ya risasi?”

“Hakukuwa na baruti. Kulikuwa na nywele zimesukwa, na jino.”

“Viko wapi?”

“Nilitupa kwenye jiko.”

Akageuka kuliangalia jiko la kuni. Kuni zilikuwa zinawaka taratibu tu.

“Motoni,” akanong'ona. “Umetupa motoni.”

“Kulikuwa na nini mle, Vernon?”

Alisema kama mtu anayesoma. Kaka yake bibi aliangukiwa na mgodi, mwaka wa thelathini na moja. Hawakumpata. Lakini jioni ya tatu alirudi nyumbani, akabisha hodi, na aliyemfungulia mlango akafa ganzi, kuanzia vidoleni. Mpaka moyoni. Bibi Idella akafanya analojua yeye, akamfungia kwenye tundu la sita.

“Kila majira ya baridi tunaongeza nta,” akasema. “Bibi, kisha mama, sasa mimi. Hatuulizi. Tunaongeza tu.”

“Na hukuniambia.”

“Ungekataa kazi.”

“Ningekataa! Ndiyo maana mtu anaambiwa!”

Nikapiga meza kwa mkono wa kulia.

Sikusikia maumivu.

Sikuwa nimemwambia mtu. Tangu Jumanne usiku kidole changu cha shahada hakina hisia. Asubuhi yake kiligusa bomba la jiko, na nilijua kimeungua kwa harufu tu. Leo kikafuata cha kati. Nilidhani ni baridi, au uzee. Mkono huu ndio duka langu. Sina mwingine, sina cheti, sina pensheni.

Tak.

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameigusa bastola. Ilikuwa imelala ubavu juu ya kitambaa, nyundo yake ikiinuka yenyewe.

Tak. Tak.

“Ukiitoa silinda?” nikauliza.

“Bibi alijaribu. Haikusaidia.”

Tak. Tak...

Nikahesabu, mdomo wazi. Tano. Silinda ikasogea tena, laini, kama nilivyoifundisha mimi mwenyewe. Hakuna mlio. Na kidole changu cha pete kikazimika. Hakikuuma. Kilizimika tu, kama taa.

Vernon akatoa pochi. Akamwaga noti mezani bila kuzihesabu. “Mia tano. Zaidi. Baki nayo bastola, fundi. Baki na kila kitu.”

Akaelekea mlangoni. Nilifika kabla yake. Nikaukomea.

Nilitafuta hasira yangu, ile ambayo bonde zima linaijua. Sikuikuta. Kilichokuwepo ni ubaridi uliokuwa ukipanda kiganjani, na nyuma yetu bastola ilikuwa imeanza tena. Tak.

“Nywele zilikuwa za nani?”

“Orrin...”

“Za nani?”

“Za bibi. Na jino lake. Alisema lazima viwe vya damu moja na yule, la sivyo halifungiki.”

“Na kwenye damu hiyo kabaki nani?”

Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akaikandamiza kichwani.

Nikazikusanya noti zote nikazirudisha kwenye mfuko wa koti lake. Sipokei nisichotaja. Kisha nikachukua koleo, kwa mkono wa kushoto, na kwa mguu nikamsogezea kiti.

“Kaa, Vernon. Nakudai nywele na jino.”