Masaa Manane ya Baba Mkubwa

"'Desturi ya kutoa ndiyo inayowarudisha nyuma Wafiji.' Omri, hili umeliandika wewe?"

Omri alitoka jikoni na taulo begani. Akaona karatasi mkononi mwangu, akasimama.

"Hiyo ni rasimu tu ya ripoti, Kele."

"Nimekuuliza nani ameandika."

"Mimi. Lakini bosi anataka sababu iwe moja, tena iwe fupi..."

"Kwa hiyo sababu fupi ni mimi na mama yangu."

Ilikuwa Ijumaa, siku yangu pekee ya mapumziko, na kila Ijumaa nilikuwa nakula kwa kina Omri, Sunnyvale. Mama yake, Dorit, alikuwa anakaanga kuku. Omri anafanya kazi kwenye ofisi ya takwimu. Mwaka mzima alikuwa akilinganisha kipato cha wahamiaji wa aina mbili: Waisraeli wenzake, na sisi Wafiji wa Hayward. Ndivyo tulivyojuana. Alikuja kanisani kwetu na maswali yake, akakaa mkekani, akanywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, mpaka ulimi ukafa ganzi, kisha akaniuliza nyumbani kwetu kuna vyumba vingapi. Nikampenda hapo hapo, mjinga mimi.

"Soma yote basi," alisema. "Ukihesabu nyumba kwa nyumba, tunakaribiana. Ukihesabu kichwa kwa kichwa, Mwisraeli anapata mara tatu ya Mfiji. Lazima kuwe na sababu."

"Nyumba yetu ina watu tisa, saba wanafanya kazi. Yenu ina wewe, mama yako na paka. Hilo nalo linataka digrii?"

"Hilo nimeandika, ukurasa wa nne. Lakini kwa nini kila kichwa kinapata kidogo hivyo? Mnatoa kanisani, mnatoa kwa ukoo, kwenye misiba..."

"Kutoa kunapunguza ninachobaki nacho, Omri. Hakupunguzi ninacholipwa."

Akalitoa taulo begani. Halafu akasema polepole, "Lakini mnafanya kazi masaa manane kwa siku kama watu wengine."

"Masaa manane?"

Nilicheka, kicheko kibaya.

"Fomu ndizo zinasema hivyo."

"Mimi nalala kule kule kazini. Siku sita kwa wiki. Mgonjwa wangu, Mzee Hanley, anageuzwa kitandani kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, la sivyo anatokwa na vidonda. Anayemgeuza ni nani, fomu?"

Omri akaketi.

"Wanawake thelathini na wanane waliniandikia kwamba wanalala kazini," alisema. "Nilidhani hawakuelewa swali."

"Walilielewa. Wewe ndiye hukuelewa jibu."

"Sasa nani anaandika masaa manane kwenye hizo fomu?"

Nilikuwa nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia. Nyumba ile ya wazee ni ya Baba Mkubwa Apenisa, kaka wa marehemu baba yangu. Anazo tano, na nusu ya wanawake wa kanisa letu wanafanya kazi humo, mama yangu akiwemo. Baba alipofariki nikiwa na miaka tisa, Baba Mkubwa ndiye aliyetutoa Fiji, akalipa nauli, akalipa shule. Na Jumamosi ya wiki ile iliyokuwa inakuja, ndiye angekaa mkekani kusikiliza posa yangu. Kwetu mwanamume haposi mikono mitupu, huleta jino la nyangumi. Likipokelewa umepata mume. Likiachwa mkekani, kila mtu arudi kwao.

"Ni baba yako mkubwa," Omri akasema.

Nikaiweka rasimu mezani. Dorit aliingia na sufuria, akatutazama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi kaeni mle. Nimesikia yote, jikoni hakuna mlango." Akanipakulia paja la kuku. "Mimi nilipofika nchi hii niliuza sabuni za Bahari ya Chumvi kwenye kibanda, nikasimama miaka minne. Siku tajiri wangu aliponipunja saa moja, nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja. Nyinyi huwa mnapiga kelele lini?"

"Kwetu mkubwa hapigiwi kelele, Mama."

"Eh," alisema Dorit, akampa na Omri paja.

Omri alinisindikiza mpaka kwenye gari.

"Nibadilishe au nisibadilishe?"

"Usibadilishe."

"Basi Jumanne ripoti itasomwa hivyo hivyo, maktaba ya Hayward, mbele ya wazee wa kanisa lenu. Kwamba nyinyi ni watu wa kutawanya hela."

"Nipe mpaka Jumatatu."

Jumatatu saa nne asubuhi Baba Mkubwa alikuja kazini kwetu na magimbi ya kuchemsha na samaki wa kopo, kama kawaida yake. Akanibusu shavuni, akamsalimia Mzee Hanley kwa jina, akamnyanyua mwenyewe na kumkalisha vizuri. Si mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa linanitesa.

"Saini, mwanangu," alisema, akiniwekea fomu ya wiki. "Na wewe Vasiti, njoo."

Vasiti ndiye tunayefanya naye kazi nyumba hiyo. Mdomo wake haufungwi, anacheka mpaka wagonjwa wanacheka. Alisaini bila kusoma.

"Baba Mkubwa," nikasema, "hapa pameandikwa masaa manane."

"Siku zote ni manane."

"Ndiyo, lakini..."

"Kelera." Hakupandisha sauti. "Mimi nilianza kama wewe, nililala sakafuni kwa mgonjwa miaka sita. Kuna lolote umekosa kwangu?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Jumamosi nataka uvae gauni la mama yako. Atafurahi."

Nikasaini. Jina langu likaonekana la mtu mwingine. Alipoondoka nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikamwandikia Omri kabla sijabadili mawazo.

"Andika. Masaa ishirini na manne. Jina langu lisitokee."

Akajibu: "Halitatokea. Nakupenda."

Jumanne sikuwepo maktaba, nilikuwa kazini na simu mfukoni. Meseji ya kwanza ilitoka kwa Omri: "Nimesoma. Watu kimya. Bosi amekasirika." Ya pili ilitoka kwa binamu yangu: "Kele umesikia??? Ametaja mpaka kugeuza mgonjwa kila masaa mawili na fomu za Jumatatu!" Kisha mama akapiga.

"Nani amemwambia huyo kijana mambo ya ndani?"

"Sijui, Mama."

"Kelera."

"Sijui, Mama!"

Kesho yake nilimkuta Vasiti chumbani anapanga nguo kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeambiwa nikapumzike kwa dada yangu. Nikauliza mpaka lini, baba yako mkubwa akatazama pembeni." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Waliniona siku moja nimepewa lifti na Omri. Naongea sana, najua. Lakini hili sikusema, Kele. Haki ya Mungu sikusema."

"Najua."

Akaniangalia, akisubiri niendelee. Zipu ya begi ilikuwa imekwama. Nikainama nikamfungia.

Jioni Omri alipiga simu.

"Vasiti amefukuzwa kwa ajili yako. Sema, au nitasema mimi."

"Ukisema, jino litaachwa mkekani. Atamwondoa na mama kazini. Tutakwenda wapi?"

"Na Vasiti aende wapi?"

"Omri, nakuomba. Jumamosi ipite kwanza. Tuoane kwanza."

Nilimsikia akifunga mlango.

"Sikujua kama unaweza kusema hivyo," alisema. "Nitanyamaza kwa sababu umeniomba. Lakini sijui Jumamosi nitakuwa naposa nani."

Siku tatu zile sikula, na Ijumaa sikwenda Sunnyvale, nilibaki kazini ili nipate Jumamosi. Nilimgeuza Mzee Hanley, nikamlisha, nikamwosha. Nilimwandikia Vasiti meseji nne, zote nikazifuta.

Jumamosi mchana sebule yetu ilitandikwa mikeka. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, kama inavyotakiwa, nimevaa gauni la mama, nachungulia kwenye upenyo wa pazia. Omri alikaa chini, uso umempauka. Dorit alishindwa kukunja miguu, akaletewa mto. Mzee Josevata, waliyemwomba kutoka Modesto awasemee, alilishika jino kwa mikono miwili na kuzungumza kwa kirefu na kwa unyenyekevu.

Alipomaliza, Baba Mkubwa aliliangalia tu. Nikasikia Dorit anamnong'oneza mwanawe, sauti ikafika mpaka jikoni, "Mbona halichukui? Lina kasoro?"

Hatimaye Baba Mkubwa alisema, "Wiki hii nyumba yangu imevuliwa nguo mbele za watu. Lakini kijana ni mgeni, alidanganywa na mdomo wa mtu. Mtu huyo nimeshamwondoa. Sina kinyongo na huyu."

Akanyoosha mkono.

Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Mkono ulikuwa unakwenda, na nilimwona Omri ameinamisha kichwa badala ya kutabasamu. Akili haikuamua kitu, miguu ndiyo iliyoamua. Nilisukuma pazia.

"Baba Mkubwa, usilipokee bado."

Mama alinishika gauni kutoka nyuma. Nikapiga magoti ukingoni mwa mkeka.

"Siyo Vasiti. Ni mimi niliyemwambia. Masaa, fomu, kugeuza mgonjwa, yote nilisema mimi. Vasiti amebeba kosa langu nami nikamtazama."

Ule mkono ukarudi gotini. Baba Mkubwa alinitazama kama mtu aliyepigwa na mwanawe.

"Wewe," alisema. "Nilikulea."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Samahani," Dorit akasema kwa sauti yake ya kibandani. Mzee Josevata alimpungia mkono anyamaze, hakunyamaza. "Samahani, mimi sijui desturi. Nauliza tu. Alichosema huyu mtoto ni uongo au ni kweli?"

Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu akimuuliza Baba Mkubwa hivyo. Wazee wote waliangalia mkeka. Ndipo sauti ya mama yangu ikatoka nyuma yangu, sauti ndogo.

"Ni kweli, shemeji. Mimi nimesaini manane miaka kumi na minne."

Baba Mkubwa akafumba macho. Nami nikaanza kulia, maana nilijua nimeshampoteza Omri, na mama ameshapoteza kazi, kwa dakika mbili.

Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akalichukua jino. Akapiga makofi matatu mazito ya kupokea. Wazee wakaitikia kwa makofi, wengine hawaamini.

"Posa nimeipokea," alisema. Akainuka nalo, akavaa ndala, akatoka nje.

"Anakwenda wapi na jino letu?" Dorit akapiga kelele. "Nimelitafuta wiki tatu!"

"Likishapokelewa ni lake," Omri alimjibu, tayari amesimama. Akanishika mkono. Kilikuwa cha moto, kiganja chake. Tukafuata sote, wazee kwa sulu zao za kiunoni, Dorit kwa viatu vya kisigino, mitaa miwili mpaka kwa dada yake Vasiti.

Vasiti alifungua mlango akiwa na pasi mkononi. Baba Mkubwa akakaa chini kizingitini, mtu mzima yule, akamnyooshea jino, maana kwetu hata msamaha huombwa nalo.

"Nimekuja kuomba msamaha, mwanangu. Nilikuondoa kwa neno ambalo hukulisema."

Vasiti hakuligusa.

"Na hilo neno lilikuwa la uongo?"

Jino likabaki mikononi mwake.

"Baba Apenisa, nakuuliza. Kwako nafanya kazi masaa mangapi?"

Majirani walikuwa wameshatoka nje. Baba Mkubwa alitazama jino, akatazama ndala zake.

"Ishirini na manne."

"Jumatatu utaandika mangapi?"

"Yote."

"Na yaliyopita?"

"Nitauza nyumba mbili niyalipe," alisema, na sauti yake ikavunjika.

Vasiti akaweka pasi chini, akapiga makofi, akalipokea. Kisha akaniangalia mimi.

"Siku nne, Kele. Hata meseji hakuna."

"Nisamehe, Vasiti."

"Wewe hujaleta jino," alisema, akafunga mlango.

Nilifunga ndoa na Omri mwezi wa tano. Vasiti alikuja, amependeza, akapita viti vyote vya Wafiji akaenda kukaa kwa Waisraeli, ubavuni kwa Dorit. Mama mkwe wangu akamuuliza kwa nini hakai upande wa bibi harusi.

"Bado nafikiria," Vasiti akamjibu, kwa sauti ya kunifikia.