Ndege wa Nyuma ya Matete

Sogea hapa, mwanangu. Sogea tena. Weka kidole mdomoni. Sema, "Sisemi."

Sema tena. Haya. Mwalimu Singano asije akasikia.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Mwajabu. Ana miaka sita na raba nyekundu. Katoka Tanga mjini na mama yake, kaja huku Lushoto, milimani, kwenye baridi.

Kapelekwa shule ya Mwalimu Singano. Shule yenyewe sasa! Haina ukuta. Haina dawati. Wanaandika kwa kijiti kwenye udongo. Wanahesabu maharage yakiwa bado shambani. Mimi nilipoiona nilicheka mpaka kanga ikanidondoka.

Na kila mtoto ana pahali pake. Huyu jiweni. Yule mgombani. Kila asubuhi unakaa hapo, wewe mwenyewe tu, mpaka debe ligongwe. Mwalimu anasema:

"Kaa. Nyamaza. Sikiliza."

Mwajabu kapewa kisiki, mbele ya matete marefu. Akakaa. Akanyamaza. Akasikiliza.

Peke yake. Peke yake kabisa.

Ngo, ngo, ngo! Debe hilo. Watoto wakakaa duara, waseme walichosikia. Mmoja kasikia nyuki. Mmoja kasikia kijito. Mwajabu kasikia tumbo lake tu.

Watoto wakaongea Kishambaa, wakacheka. Mwajabu hajui Kishambaa. Akatazama raba zake.

Jioni akamwambia mama anataka kurudi Tanga, kwa bibi.

Mama akatua kapu. Kazi yake iko huku, anachuma chai. "Jaribu mpaka Ijumaa," akasema. "Ukishindwa nitakupeleka kwa bibi. Ila mimi nitabaki huku."

Mwajabu hakulala upesi siku hiyo.

Jumanne. Kaa. Nyamaza. Sikiliza.

Peke yake. Peke yake kabisa.

Mara, nyuma ya matete: *Fyuu-fyii.*

Mwajabu akakaza midomo. Akapuliza pole pole. *Fyuu-fyii.*

Ikajibu! *Fyuu-fyii.*

Kwenye duara akasema kuna ndege anamjibu. Mwalimu akauliza ndege huyo ana rangi gani. Mwajabu hajui, hajamwona. Watoto wakacheka, eti ndege gani huyo.

Mmoja hakucheka. Zaina. Huyo kila siku kaziba mdomo kwa mkono. Haongei na mtu. Meno ya mbele yamemtoka mawili kwa mpigo, na anaona haya.

Jumatano ndege akaja tena. *Fyuu-fyii*, huku. *Fyuu-fyii*, kule. Mwajabu akasahau baridi.

Alhamisi, ukungu. Mwajabu akapiga mluzi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapiga mara ya tatu, na chozi likaingia mdomoni.

Peke yake. Peke yake kabisa.

Alipofika nyumbani akamwambia mama atoe begi.

Ijumaa. Begi liko mlangoni. Mwajabu kaenda shule kuaga kisiki chake tu.

Kaa. Nyamaza. Sikiliza.

*Fyuuuuuu.*

Ndege yuleyule! Lakini sauti imekuwa nene. Ndege wangu anaumwa, Mwajabu akawaza.

Sasa hapa ndipo uzibe mdomo, mwanangu. Ukishakaa pahali pako, huruhusiwi kuondoka. Mwajabu akaondoka.

Akaingia kwenye matete. Chaka, chaka, chaka.

Na upande wa pili, kitu nacho kinakuja. Chaka, chaka, chaka.

Matete yakafunguka. Pua kwa pua!

Zaina.

"Kumbe ni wewe ndege wangu?" Mwajabu akauliza.

"Mimi nilidhani wewe ndiye ndege," Zaina akasema. Akacheka, akasahau kuziba mdomo. Mapengo yote nje.

"Jana hukuja."

"Jana niling'olewa jino la tatu."

Ngo, ngo, ngo! Wakakimbia, Mwajabu kwenye kisiki chake, Zaina pahali pake, upande wa pili wa matete.

Kwenye duara Mwalimu akauliza tena, yule ndege ana rangi gani.

"Ana sweta la kijani," Mwajabu akasema. "Na hana meno matatu."

Watoto wakamgeukia Zaina. Wakaangua kicheko. Na Zaina akacheka kuwashinda wote, mkono uko mapajani.

Mwalimu Singano akatazama matete yaliyolala chini. Akakohoa. Akamgeukia mtoto mwingine.

Usiku mama akashika begi. Akauliza, aongeze sweta?

"Rudisha ndani," Mwajabu akasema. "Jumatatu nina mtu."

Akajifunika. Nje, kutoka nyumba ya bondeni: *Fyuuuuuu.*

*Fyuu-fyii*, akajibu Mwajabu. Akalala.

Nani kaniambia? Zaina mwenyewe, jikoni kwangu, tukichambua maharage. Mimi si shangazi yake? Na lile jino la tatu nililing'oa mimi, kwa uzi.

Kaniapisha nisiseme. Nami sijasema. Nimekwambia wewe tu.